Jina Nyuma ya Picha: Nasaba, Istilahi za Ukoo na Kurejeshwa kwa Picha za Kale za Pwani

1.0 Utangulizi

Picha za watu wa Pwani ya Afrika ya Mashariki zilianza kupigwa mapema kuliko inavyodhaniwa na wengi. Mwaka 1860 J. A. Grant, aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya bara pamoja na J. H. Speke, alipiga picha mjini Unguja, na tangu wakati huo mabalozi, wamisionari, maofisa wa serikali na wapiga picha wa biashara hawakuacha. Sehemu kubwa ya kazi yao leo imo katika hifadhi za ng'ambo. Mkusanyiko wa Winterton, ulionunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani mwaka 2002, una picha zaidi ya 7,000, karibu zote za Afrika ya Mashariki. Ule wa Shirika la Kikoloni la Ujerumani, unaotunzwa na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, una picha zipatazo 55,000 za makoloni yote ya Kijerumani, na miongoni mwazo zimo nyingi za Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na bara. Mikusanyiko hii miwili inaweza kutazamwa kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Kwa hiyo mtu aliyeketi Pangani au Lamu anaweza leo kuutazama uso wa babu wa babu yake bila ya kujua kwamba ndiye.

Kutojua huko ndiko kunakochunguzwa hapa. Watu na taasisi kadhaa wamejishughulisha na kuzirejesha picha za namna hii kwa vitukuu vya waliopigwa, na njia yao kuu ni utafiti wa nasaba: kulishika jina lililoandikwa kwenye picha, kulifuata katika daftari na nyaraka, kisha kuwatafuta walio hai. Katika nchi ambazo kila familia ina jina moja la ukoo linalorithiwa bila ya kubadilika, na kila kizazi na kila kifo kimeandikwa katika daftari la serikali au la kanisa, njia hiyo hutoa matunda haraka. Ikihamishiwa Pwani kama ilivyo, hukwama. Makala haya yanadai kwamba inakwama kwa sababu za lugha kuliko sababu za umbali, fedha au mitambo: jina la Mswahili halikuundwa kama jina la Mzungu, istilahi zake za ukoo hazigawanyi watu kwa mipaka ile ile, na maandishi yenyewe yamepita katika hati na tahajia zaidi ya moja kabla ya kufika katika orodha za hifadhi.

2.0 Mgongo wa picha

Si picha zote zinazoweza kurejeshwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Wagoa mjini Unguja, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, ziliuza picha na kadi za posta ambazo watu wake walitajwa kwa kabila, kazi au sura tu: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, muuza maji. Aliyepigwa alikuwa na jina, na mpiga picha huenda alilijua, lakini mnunuzi hakulihitaji. Picha ya namna hiyo ikikosa ushahidi mwingine inabaki bila ya mwenyewe, na mtafiti mwaminifu hana budi kuiacha hivyo.

Hali ni tofauti kwa picha ambazo watu walijipigisha wenyewe. Kadiri studio zilivyoongezeka, na hasa baada ya kufunguliwa kwa studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, kupiga picha kuliingia katika desturi za mjini: arusi, Idi, safari ya Hija, kuhitimu chuo. Picha hizo zilitumwa kwa jamaa, na aliyetuma aliandika nyuma. Maandishi hayo, aghalabu maneno sita au saba kwa kalamu ya wino, ndiyo mali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika kwenda Mombasa, Oman, nchi za Ghuba na Uingereza. Vitabu vya picha viligawanywa, vikasahauliwa katika nyumba, vikauzwa pamoja na makabati. Picha nyingi zilizomo mikononi mwa wakusanyaji leo zilianza safari zao kwa njia kama hizo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtazamaji wa mtandao aghalabu huonyeshwa uso wa picha, wala si mgongo wake. Maandishi ya nyuma hutolewa kwa muhtasari, kwa Kiingereza au Kijerumani, na mwandaaji wa orodha ndiye aliyeamua neno gani lina maana. Kwa mtafiti wa nasaba muhtasari huo ni sawa na kupewa tafsiri ya shairi na kuambiwa atafute vina.

3.0 Jina la mtu na safari zake

Jina kamili la Pwani ni nasaba kwa ufupi. Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi anamtaja mwenye jina, baba, babu na kabila lake katika pumzi moja. Mtu huyu alipigwa picha mara nyingi, na karibu kila mahali picha zake zimeandikwa lakabu tu, Tippu Tip. Kwa bahati alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na nasaba yake inajulikana. Mtu wa kawaida hana bahati hiyo. Kwake yeye kipande kimoja kikipotea, nasaba yote imekatika, na kipande kinachopotea kwanza ni ubini, kwa sababu mwandishi wa Kizungu alikuwa na desturi ya kuchukua jina la kwanza na la mwisho na kulidhani la mwisho kuwa jina la familia. Matokeo yake Salim bin Ali amekuwa Bwana Ali, na mwanawe, ambaye kwa haki ni Khamis bin Salim, amekuwa Bwana Salim. Katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti baba na mwana hao hawakutani kamwe.

Ugumu wa pili unatokana na desturi ya kumpa mjukuu jina la babu. Katika ukoo unaoishika desturi hiyo mtu hukuta Ali bin Salim bin Ali bin Salim, na picha iliyoandikwa "Ali bin Salim" inaweza kuwa ya mtu wa 1890 au wa 1950. Hapa jina peke yake halitoshi. Ni lazima liambatane na tarehe inayokisiwa kwa ushahidi wa kadi, mhuri wa studio na mavazi. Hata hivyo desturi hiyo hiyo ina faida yake. Mahali ambapo daftari halipo, majina yanayojirudia ndani ya ukoo ni dalili ya kizazi kilichopotea: ukoo wenye akina Makame wawili waliopishana kwa vizazi viwili unaweza kuhojiwa kama hapakuwa na wa tatu kabla yao. Majina yenyewe pia hupunguza eneo la kutafuta. Makame, Ame, Pandu na Vuai humwelekeza mtafiti katika vijiji vya Unguja na Pemba kabla ya kumpeleka kwingineko.

Tatu, cheo huvaliwa kama jina. Jumbe, diwani, liwali, akida, mwinyi, fundi na maalimu ni maneno yaliyosimama mbele ya majina hadi yakayameza. Mfano mmoja unahusu mabaki ya binadamu, lakini funzo lake ni lile lile. Septemba 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Berlin inayosimamia makumbusho ya dola ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata jamaa walio hai, nchini Tanzania, wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa wakati wa utawala wa Kijerumani. Mmoja wao alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule aliyenyongwa tarehe 2 Machi 1900, na neno lililohifadhiwa pamoja na fuvu lake lilikuwa "Akida". Msomaji wa Kiswahili anatambua mara moja kwamba hilo ni neno la cheo kabla ya kuwa jina la mtu, na swali lake la kwanza lingekuwa: akida wa nani, na wapi? Swali hilo ndilo linalofungua nasaba.

Mwisho, na hili ndilo zito zaidi, watu walibadili majina. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad. Alipopata umaarufu aliitwa Siti, yaani bibi wa heshima, na kwa jina hilo alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Abdullah Susi, aliyepigwa picha Uingereza mwaka 1874 pamoja na James Chuma baada ya kusindikiza maiti ya Livingstone, alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David. Mtu anayejulikana katika picha na filamu za Kijerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, aliyekuwa msaidizi wa mafunzo ya Kiswahili mjini Berlin na kufia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akiitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Anayetafuta jamaa zake Dar es Salaam kwa kufuata Husen atatafuta bure, kwa kuwa baba yake alikuwa Adam. Bila ya kazi ya Bechhaus-Gerst (2007), iliyofuata nyayo zake katika nyaraka, picha zake zingebaki za mgeni.

Hao watatu wamejulikana. Maelfu ya wengine waliobadili majina baada ya kukomeshwa kwa utumwa, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, hawakuandikiwa wasifu. Majina kama Feruzi, Almasi, Mabruki, Faraji na Uledi yalikuwa yakitolewa sana kwa watumwa, na aliyeachwa huru alikuwa na sababu nzuri ya kumpa mwanawe jina la aina nyingine. Wengine waliitwa kwa nisba ya waliokuwa mabwana zao. Fair (2001) ameonyesha kwamba kati ya sensa za Unguja za 1924 na 1931 idadi ya waliojitaja kuwa Waswahili ilipungua sana, huku watu wakijiweka katika makundi mengine. Watu ni wale wale, maneno yamebadilika. Mtafiti anayerudi nyuma kutoka kwa vitukuu, akifuata majina tu, atafika kwenye ukuta mahali hasa ambapo babu alikusudia ujengwe.

4.0 Istilahi za ukoo

Jina likishindwa, mtafiti hukimbilia neno la ukoo: baba, mama, bibi, ndugu. Maneno haya yanaonekana mepesi, na kwa sababu hiyo hupotosha zaidi. Kijana aliyeandika "Baba, Tanga" nyuma ya picha hakusema uongo hata kama aliyepigwa ni baba yake mdogo. Orodha ya hifadhi ikimwita mtu huyo mzazi, nasaba imesogea upande kwa hatua moja, na vitukuu watakaopatikana watakuwa wa mtu mwingine. Kosa la namna hii haligunduliki kwa urahisi, kwa kuwa ukoo ni ule ule, majina ni yale yale na sura zinafanana.

Neno bibi ni hatari zaidi, kwani limebadilika ndani ya muda wa picha zenyewe. Katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 "bibi yangu" aghalabu ni mke wangu, na "bibi" peke yake ni mwanamke mwenye heshima. Kwa msomaji kijana wa Tanzania leo bibi ni mama wa baba au wa mama. Mjukuu anayesoma "mimi na bibi yangu, 1926" anaona kijana na nyanya yake, hushangaa mbona nyanya ni mbichi hivyo, kisha huamua kwamba picha imeandikwa visivyo. Hapo vizazi viwili vimeruka kwa sababu ya neno moja. Upande wa pili upo utani wa babu na mjukuu: bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", naye hujibu "mke wangu", na hakuna ajabu maneno hayo yakiandikwa nyuma ya picha ya mtoto wa miaka sita. Picha ya mtoto humlinda msomaji. Mjukuu akiwa na miaka ishirini na mitano hakuna kinachomlinda.

Kaskazini ya Pwani lipo pia neno Mwana mbele ya majina ya wanawake, kama katika Mwana Kupona. Ni neno la heshima. Mwandaaji wa orodha aliyejifunza Kiswahili cha kamusi hulisoma kuwa mtoto, na Mwana Khadija, mwanamke mwenye nyumba na wajukuu, huwa mtoto wa Khadija.

Maneno mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine. La kwanza ni somo. Pamoja na maana yake ya kungwi na ya rafiki wa siri, somo ni mtu mwenye jina sawa na la msemaji. Picha iliyoandikwa "kwa somo yangu" ikiwa na jina la mpokeaji inaweza kuwa imetaja, bila ya kutaja, jina la mtumaji. La pili ni mzalia. Herufi moja tu inalitenga na mzaliwa, na katika matumizi ya zamani mzalia aliweza kuwa mwenyeji aliyezaliwa mahali fulani au mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Maana ipi ilikusudiwa hutegemea kinachofuata: mzalia wa Mvita si sawa na mzalia wetu.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, unaoyakusanya mambo haya pamoja. Picha ya studio inaonyesha mwanamke aliyeketi, watoto watatu, na kijana wa kiume aliyesimama pembeni. Nyuma yake pameandikwa kwa hati ya Kiarabu: "Kwa somo yangu Mwana Esha. Mimi na wanangu na Feruzi mzalia wetu. Mvita, 1339." Muhtasari wa hifadhi ungesema: mwanamke wa Mombasa, watoto wake na mtumishi, 1921. Muhtasari huo si wa uongo, lakini umetupa karibu kila kitu. Mwaka 1339 wa Hijra ulianza Septemba 1920 na kumalizika Septemba 1921, hivyo tarehe ina upana wake. Mtumaji yamkini naye ni Esha. Ikiwa sivyo, basi alikuwa kungwi au mwari wa Esha, na kila dhana inaweza kupimwa peke yake. "Wanangu" wanaweza kuwa watoto aliowazaa au wa dada yake. Idadi ya watoto katika wasia au katika mgawanyo wa mirathi mbele ya kadhi itaamua. Na Feruzi ana jina. Miaka kumi na minne baada ya sheria kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya bado anaitwa mzalia wetu, na neno hilo, lenye kuchukiza leo, ndilo pekee linaloonyesha nyumba gani atafutwe: katika nyaraka za wakfu za ukoo ule, na katika madai ya viwanja yaliyosajiliwa kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambamo walioachwa huru huweza kutajwa kama wakaaji au majirani.

5.0 Hati na tahajia

Kabla ya hayo yote maandishi ni lazima yasomwe. Hati ya Kiarabu ilivyotumiwa kuandikia Kiswahili na watu wasio wanazuoni haikutofautisha p na b, wala e na i, wala o na u, na mara nyingi iliacha sauti ya puani mbele ya konsonanti. Kwa hati hiyo maneno Bibi na Pembe, ambalo ni jina la mwanamume, huweza kuandikwa sawasawa kabisa. Kombo husomeka Kubu. Waandishi hodari waliongeza nukta kwa mfano wa Kiajemi, lakini aliyeandika nyuma ya picha alikuwa akimwandikia dada yake, si mchapishaji, dada alijua.

Hati ya Kilatini haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Juma mmoja anaweza kuwa Jooma kwa karani wa Kiingereza, Dschuma kwa Mjerumani na Djouma kwa padri wa Kifaransa wa Bagamoyo. Kompyuta ikiulizwa Juma haitamleta yeyote kati ya hao, isipokuwa imefundishwa. Jawabu si gumu: ni kuandaa jedwali la tahajia zinazotarajiwa kwa kila jina kwa kufuata kanuni za fonolojia za lugha ya mwandishi. Kazi hiyo ingemfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili kuliko uchambuzi mwingine wa viambishi vya ngeli, ambao hadi sasa haujakosa wa kuuandika.

6.0 Kuuliza, na kukabidhi

Nyaraka humfikisha mtafiti mtaani. Nyumba ataonyeshwa na wazee. Daftari za ubatizo za misheni, nyaraka za wakfu na mirathi, na kumbukumbu za kuachwa huru kwa watumwa zilizomo katika Nyaraka za Zanzibar zinatoa majina na tarehe, lakini uhusiano kati ya jina na uso unakaa katika kumbukumbu za watu walio hai. Namna ya kuuliza ina uzito hapa. Mzee akionyeshwa picha na kuulizwa "Huyu ni nani?" hulazimika kutoa jina, na majina ndiyo yanayosahaulika au kufichwa. Akiulizwa "Ulikuwa ukimwitaje?" hujibu kwa neno la ukoo: shangazi, mama mdogo, wifi, somo. Jibu hilo halimweki aliyepigwa peke yake. Linamweka na msemaji katika nasaba kwa wakati mmoja, na linaweza kulinganishwa na jibu la mzee mwingine wa ukoo huo. Wawili wakisema shangazi na wa tatu akasema mama, hapana budi kuwapo ndugu wa kiume na wa kike, na mpaka kati ya watoto wao umekwisha kuonekana. Kwa watu wa Pwani ambao picha zao zilipigwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wanaoweza kujibu swali la pili ni wachache, na kila mwaka ni wachache zaidi.

Linabaki suala la nani apewe. Katika mfano wa Esha na Feruzi, taasisi nyingi zingeona kazi imekwisha pale ukoo wa Esha unapopatikana, kwa kuwa picha ilikuwa yao na wao ndio wenye nasaba iliyoandikwa. Lakini watoto wa Esha yamkini walipigwa picha nyingine. Feruzi yamkini hakupigwa tena. Vitukuu vyake, kama wapo, wana haja kubwa zaidi na picha hii na uwezo mdogo zaidi wa kuidai, kwa sababu nyaraka zinazothibitisha uhusiano wao nayo zimeandikwa na upande mwingine. Huenda pia hawataki. Ukoo uliotumia vizazi vitatu kujenga nasaba ya Kishirazi au ya Kiarabu hautafurahi kuletewa mlangoni neno mzalia pamoja na sura ya babu. Hali kadhalika ukoo wa Esha unaweza kukataa uso wa bibi yao, aliyekaa utawani maisha yake yote, uonyeshwe kwa yeyote mwenye mtandao.

Baadhi ya watunzaji wa hifadhi wameona suluhisho ni kuyafuta maneno yenye kuudhi katika maelezo ya picha. Nia yao ni njema, lakini neno likifutwa, Feruzi hurudi kuwa mtumishi asiye na nyumba wala njia ya kutafutwa. Lililo bora ni kuyahifadhi maandishi ya nyuma kama yalivyo, kwa hati yake na herufi zake, katika kumbukumbu za hifadhi, na kuzitenga kumbukumbu hizo na kile kinachoonyeshwa hadharani. Nakala ya picha ikabidhiwe pande zote mbili, kila upande peke yake, kwa kuanza na wazee wa ukoo na si na vijana walioandika barua kuuliza. Katika mazungumzo ya kwanza Feruzi atajwe kwa jina lake tu. Wajukuu wake wakiuliza alikuwa nani kwa watu walioketi, hapo ndipo karatasi igeuzwe.